Lugha ya Maelezo katika Zana za Ufikivu wa Tovuti

Tovuti nyingi siku hizi huwapa wasomaji wake uwezo wa kuubadili ukurasa ili uwafae: kukuza maandishi, kupanua nafasi iliyo kati ya mistari, kubadili rangi, kuondoa mapambo yasiyo ya lazima. Zana za kufanyia kazi hiyo zilibuniwa kwa ajili ya watu ambao ukurasa wa kawaida huwashinda, yaani wasioona vizuri au wasioona kabisa, wasioweza kushika kipanya kwa mkono, wanaotaabika kusoma maneno yaliyosongamana, na wazee ambao macho yao yameanza kuchoka. Lakini kila zana hufuatana na maelezo ya matumizi, na maelezo hayo kwa kawaida huandikwa mwisho, kwa haraka, na mtu ambaye yeye mwenyewe haihitaji zana hiyo. Hivyo hutokea kwamba mlango upo, na maandishi yaelezayo jinsi ya kuufungua yamebandikwa upande wa ndani.

Katika Kiswahili shida hii ni kubwa zaidi, kwa sababu maelezo mengi ya namna hii hutufikia kwa njia ya tafsiri. Kasoro za asili huja pamoja nayo, kisha za mfasiri huongezwa juu yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotiwa Kiswahili, ilidhihirika kwamba kompyuta yaweza kusema lugha hii bila kigugumizi. Tangu wakati huo juhudi kubwa imetumika katika kuunda na kusanifisha majina: tovuti, kivinjari, kiungo, kitufe, kipanya. Majina hayo yalihitajika na mengi yameshika. Hata hivyo mtu asiyeona hasaidiwi na jina peke yake. Husaidiwa na sentensi nzima, iliyopangwa kwa namna ambayo aweza kuisikia mara moja na kutenda. Upande huo wa kazi haujashughulikiwa sana.

Mfano ufaao kuchunguzwa ni zana iitwayo UI Options, iliyotokana na Mradi wa Fluid ulioanza mwaka 2007. Shina lake ni kituo ambacho Jutta Treviranus alikianzisha katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1993. Mwaka 2010 kituo hicho kilihamia OCAD University katika mji huo huo, na leo kinaitwa Inclusive Design Research Centre. Zana yenyewe ni paneli iliyofichwa juu ya ukurasa. Msomaji akiifungua hukuta machaguo machache: ukubwa wa maandishi, nafasi kati ya mistari, namna ya herufi, rangi za maandishi na za ukurasa, orodha ya yaliyomo, na chaguo la kuvifanya viungo na vitufe viwe vikubwa na vya kuonekana kwa urahisi. Kuna pia kitufe cha kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Msimbo wake uko wazi, na mjenzi yeyote wa tovuti aweza kuuchukua, kuutumia na kuubadili.

Maelezo ya zana kama hii husomwa na watu wa namna tatu ambao haja zao hazifanani. Wa kwanza ni mtumiaji mwenyewe, anayetaka kusoma habari yake na kwenda zake. Wa pili ni mjenzi wa tovuti, anayetaka kujua jinsi ya kuitia zana katika kurasa zake. Wa tatu ni mfasiri, na huyu ndiye husahauliwa. Kosa la kwanza katika maelezo mengi ni kuwachanganya hao watatu katika ukurasa mmoja, hata mzee anayetafuta njia ya kukuza herufi akakutana na aya tatu za msimbo.

Yafaa kuanza na jambo dogo ambalo huleta taabu kubwa, nalo ni swali la mahali mapendeleo yanapohifadhiwa. Kwa desturi UI Options huyaweka katika kidakuzi, yaani faili ndogo iliyomo ndani ya kivinjari cha mashine inayotumika. Maelezo ya kawaida husema tu kwamba mapendeleo “yatahifadhiwa”. Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mwanafunzi aliyepanga rangi zake katika kompyuta ya maktaba hataziona akifungua tovuti ile ile katika simu yake. Zaidi ya hayo, mwenzake atakayeketi baada yake mbele ya kompyuta ile ile, ikiwa kivinjari hakijafutwa kumbukumbu zake, atakuta ukurasa mweusi wenye maandishi ya manjano, na huenda akamwita msimamizi kumweleza kwamba mashine imeharibika. Sentensi mbili zingalizuia yote hayo: moja ya kusema kwamba mapendeleo hukaa katika mashine hii tu, na nyingine ya kumwambia anayetumia mashine ya watu wengi abonyeze kitufe cha kurudisha kabla hajaondoka. Katika nchi zetu, ambako kompyuta moja hutumiwa na watu kadhaa kwa siku, sentensi hizo si pambo. Watu wa Toronto waliitambua shida hii zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mradi uitwao Web-4-All, walijaribu kuyaweka mapendeleo ya mtu katika kadi ndogo ambayo aliitia katika kompyuta ya mahali pa umma, mashine ikajipanga kwa ajili yake, na alipoichomoa ikarudi kuwa ya wote.

Hapo lazuka suala la neno “mapendeleo” lenyewe. Limetokana na kitenzi pendelea, na kwa sura halina kosa. Lakini ndugu yake wa karibu, “upendeleo”, ana sifa mbaya katika lugha: ni kumpa mtu asichostahili, kumtanguliza wa kwako, kuhukumu kwa jicho moja. Msomaji anayeambiwa kuwa herufi kubwa ni “mapendeleo” yake aweza kudhani anafanyiwa hisani. Kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2008 kwa nambari ISO/IEC 24751, ambacho wataalamu wa Toronto walishiriki kukiunda, hakisemi mapendeleo peke yake. Hutaja haja na mapendeleo pamoja. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtu mwenye macho mazima aweza kupendelea ukurasa mweusi wakati wa usiku. Mtu ambaye mwanga mweupe humuumiza macho ana haja nao mchana na usiku. Watengenezaji wa paneli, kwa kutafuta ufupi, wameliacha neno la haja na kubaki na lile jepesi, na mfasiri Mswahili amelipokea hivyo hivyo bila kuulizwa. Si lazima “mapendeleo” litupwe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika simu na kompyuta. Lakini maelezo yaandikwapo, neno “haja” litajwe mapema, angalau mara moja, ili msomaji ajue kuwa zana hii imewekwa hapo kwa haki yake.

Neno “ufikivu” nalo lina kisa chake. Waliolibuni walifuata kigezo cha sikia kuzaa “sikivu”, tulia kuzaa “tulivu”, vumilia kuzaa “vumilivu”. Ukiangalia mifano hiyo utaona kwamba kiambishi kile humwelezea mwenye kutenda au mwenye kuwa katika hali: msikivu ndiye anayesikia, si anayesikika. Kwa kipimo hicho “fikivu” ingekuwa sifa ya mtu anayefika, si ya tovuti anayoifikia. Maana inayotakiwa hubebwa vizuri zaidi na kauli ya kutendeka, yaani fikika, kama watu wasemavyo kwamba kijiji fulani hakifikiki wakati wa masika. Kusema “tovuti hii inafikika kwa watu wasioona” ni Kiswahili ambacho hakihitaji kufafanuliwa, ilhali “tovuti hii ina ufikivu” humfanya msikilizaji asimame kidogo. Neno lililokwisha kuenea halirudishwi kwa amri, na hapana haja ya kugombana nalo. Basi lishike kazi ya jina la somo, kama lilivyotumika katika kichwa cha makala haya, na ndani ya sentensi kitenzi kifanye kazi yake.

Tafsiri nyingine ya dhana hiyo hiyo imo mifukoni mwa watu wengi. Katika simu za Android zilizowekwa Kiswahili, sehemu hii ya mipangilio imepata kuandikwa “Zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia”. Mfasiri alifanya jambo jema la kukimbia neno gumu na kueleza maana. Lakini maelezo yake yamewafungia nje watu ambao macho na masikio yao ni mazima na mikono yao inatetemeka, wala hayamkaribishi yule mzee asemaye hana tatizo lolote, ila herufi za siku hizi ni ndogo mno. Jina la zana likimtaja mtu kwa ugonjwa, wengi wenye haja nayo hawataifungua. Historia ya lugha yenyewe yaonyesha hisia hii. Maneno ya zamani, kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, yamo katika umbo la ngeli ya vitu, ingawa upatanisho wake hufuata watu: kipofu anasoma, si kipofu kinasoma. Baadaye likaja “mlemavu”, na sasa lugha rasmi, pamoja na ile ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2010, husema “watu wenye ulemavu”. Katika maelezo ya paneli ya kusomea, njia nyepesi zaidi ni kutomtaja mtu kabisa, bali kutaja kazi: “Badili jinsi ukurasa unavyoonekana na unavyosikika.”

Katika vitenzi kuna kimoja kinachostahili kuondolewa bila kungoja. Wafasiri wa programu walipotafuta neno la kuzima chombo au kukizuia kisifanye kazi, baadhi yao walichagua “lemaza”, kwa sababu katika Kiingereza neno moja hutumika kwa maana zote mbili. Hivyo mtu mwenye ulemavu hufungua ukurasa wa zana zilizotengenezwa kwa ajili yake, na amri anayoisikia ni “Lemaza”. Mfasiri hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na orodha ya maneno mbele yake bila sentensi. Washa na zima yapo, na kila mtoto anayajua kutoka swichi ya taa.

Kitenzi “bofya” kina kasoro iliyojificha zaidi. Asili yake ni kubonyea kwa kitu kilaini, na kimepewa kazi ya kueleza kitendo cha kipanya. Lakini wapo wasiotumia kipanya kamwe. Mtu asiyeona hutembea katika ukurasa kwa kibodi, kutoka kiungo hadi kiungo, akisikiliza kisoma skrini kinachomtajia kila alipofika. Akitaka kukubali hubonyeza kitufe cha Enter au cha nafasi. Mwenye simu hugusa. Mwingine hutoa amri kwa sauti. Maelezo yakisema “bofya” kila mara, watu hao watatu hulazimika kutafsiri kila sentensi katika vichwa vyao. “Chagua” huwafaa wote, na palipo na haja ya kueleza namna ya kutenda kwa kibodi, isemwe waziwazi na kwa ukamilifu. Vitenzi vya macho, kama tazama na angalia, navyo vichunguzwe. Wasioona wenyewe husema wameangalia taarifa ya habari, na hakuna anayekasirika. Kosa ni pale ambapo macho ndiyo njia pekee ya kulifikia jambo linaloelezwa.

Hapo ndipo maelezo mengi ya zana za ufikivu hujikana yenyewe. Chukua sentensi ya namna hii: “Bofya kitufe cha kijani kilicho juu kulia kama kinavyoonekana kwenye picha.” Imekusanya rangi, mahali na picha, na haikutaja jina la kitufe. Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Tovuti, unaotolewa na shirika la W3C, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, na la 2.2 mwaka 2023, una sharti mahsusi juu ya jambo hili. Maelekezo yasitegemee umbo, rangi, ukubwa, mahali au sauti peke yake. Haukatazi kutaja rangi au mahali, kwani kwa mwenye uoni hafifu au mwenye shida ya kukumbuka, mahali pa kitufe ni msaada mkubwa. Unataka jina liwepo pia, na jina hilo liwe lile lile linalotamkwa na mashine. Kitufe kikiitwa “Rudisha” katika ukurasa na “Anza upya” katika maelezo, anayeona atakisia. Anayesikia atazunguka ukurasa mzima akitafuta kitu ambacho hakipo.

Katika mpangilio wa sentensi Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri hawautumii vya kutosha. Msomaji wa macho aweza kuruka hadi mwisho wa sentensi na kurudi. Msikilizaji hupokea neno baada ya neno, na mkono wake uko tayari juu ya kibodi. Kwa hiyo mahali patangulie, kisha sharti, kisha kitendo, na mwisho matokeo. Sentensi isemayo “Chagua Rudisha iwapo unataka kufuta mapendeleo yako yote” yaweza kumponza aliyetenda kabla ya kusikia nusu ya pili. Kiambishi -ki- kimekaa kana kwamba kiliumbwa kwa kazi hii: “Ukichagua Rudisha, mapendeleo yako yote yatafutwa.” Sharti limo katika silabi za kwanza za kitenzi, na matokeo yanafuata kwa -ta-. Hapana kiungo kirefu cha kukumbukwa, hapana “endapo itatokea kwamba”. Anayetaka kuyajaribu maelezo yake ayasome kwa sauti mbele ya mtu aliyefumba macho, asimruhusu kuuliza, na aone anakwama wapi.

Hata sentensi nzuri huharibika ikiwa mashine haijui ni ya lugha gani. Kila ukurasa hubeba alama ya kutaja lugha yake, na alama ya Kiswahili ni “sw”. Mjenzi anayenakili kiolezo cha Kiingereza mara nyingi husahau kuibadili. Anayeona hatambui chochote. Anayesikiliza husomewa Kiswahili kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza, na baadhi ya maneno hugeuka kuwa mengine kabisa. Neno “pole” hutamkwa kama lile la Kiingereza la mlingoti; “wake” huwa la kuamka; “mate” huwa la mwenzi; “some” huwa la baadhi. Aya ya salamu za rambirambi yaweza kutoka katika kipaza sauti kama orodha ya vifaa vya ujenzi. Kisoma skrini NVDA, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, hutolewa bure, na huja pamoja na sauti za eSpeak NG ambazo Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Sauti hiyo si tamu, lakini inasoma “pole” kuwa pole. Msaada huo wote hupotea kwa kukosekana herufi mbili katika mstari wa kwanza wa ukurasa, na bado maelezo kwa wajenzi hulitaja jambo hili kwa nusu sentensi, ingawa mwongozo wa W3C umeliweka katika daraja la kwanza la masharti yake. Maelezo yanayochanganya lugha, kama yale ya msimbo, yataka alama hiyo iwekwe tena palipo na kipande cha lugha ya pili.

Wataalamu wa lugha watapenda kujua kwamba kiwango cha ISO 639-3 huchukua “swa” kuwa lugha kuu yenye matawi mawili: “swh” kwa Kiswahili cha pwani na cha sanifu, na “swc” kwa Kiswahili cha Kongo. Kwa sasa maelezo yanayokusudiwa kusomwa na mashine yatumie “sw”, kwa sababu ndiyo alama ambayo visoma skrini huitambua. Lakini atakayeandika kwa wasomaji wa Lubumbashi atakumbana na swali hili siku moja.

Alama sahihi ya lugha nayo haimalizi kila kitu. Ritifaa katika “ng'ombe” huandikwa kwa alama tatu tofauti kulingana na programu ya kuchapia, ya wima, ya kufungua na ya kufunga, na kwa mashine hizo ni herufi tatu zisizohusiana. Mwandishi achague moja na kuishika katika maelezo yote, la sivyo hata anayetafuta neno ndani ya ukurasa hatalipata. Mkazo nao huleta tabu katika maneno machache. Mashine huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo kanuni ya lugha. Lakini “barabara” yenye maana ya sawasawa hutaka mkazo silabi moja kabla ya hapo. Anayeambiwa na mashine kwamba paneli sasa inafanya kazi “barabara” atasikia njia ya magari. “Sawasawa” haina matata hayo.

Kwa wanaosoma kwa macho yaliyofifia shida ni nyingine, nayo imo katika urefu wa maneno yetu. Mwongozo wa W3C hutaka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maana wala kazi, na mistari iweze kupanuliwa hadi mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Vitufe vya paneli hupimwa kwa maneno ya Kiingereza. Panapotakiwa neno la herufi tano, Kiswahili huleta “yaliyohifadhiwa”, lenye herufi 15, na likikuzwa mara mbili katika simu nyembamba hukatika pembeni, likamwacha msomaji na nusu ya amri. Kulikata neno mwishoni mwa mstari si vigumu, kwa kuwa silabi zetu huishia kwa irabu: ya-li-yo-hi-fa-dhi-wa. Lakini kanuni ya kukata yataka kuandikwa na mtu ajuaye lugha. Asiyejua atatenganisha “dh”. Au atadhani kwamba m ya “mtu”, ambayo ni silabi peke yake, ni sawa na m ya “mbuzi”, ambayo haiachani na b. Matoleo ya karibuni ya zana ya Fluid yana chaguo la kuonyesha silabi za maneno kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na hapo kosa la kukata halitajificha. Ni kazi ambayo taasisi ya lugha yaweza kuifanya kwa muda mfupi, na ikafaa kwa miaka mingi.

Juu ya rangi, maelezo hupenda kutoa hesabu: maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa 4.5 kwa 1 dhidi ya ukurasa, maandishi makubwa 3 kwa 1, na katika daraja la juu 7 kwa 1. Mjenzi azijue. Weusi mtupu juu ya weupe mtupu ni 21 kwa 1, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Lakini mtumiaji hana haja ya hesabu hizo, na jina “utofautishaji”, lililomo katika tafsiri nyingi, halimwambii nini kinatofautishwa na nini. Lugha ina kukoza na kufifia tangu zama za wapaka rangi na wasuka ukili. “Maandishi yakoze zaidi” hueleweka hata kwa ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Limebaki jambo ambalo maelezo huliogopa, nalo ni kueleza kile ambacho zana haiwezi kufanya. Paneli hubadili sura ya ukurasa. Haitengenezi ukurasa uliojengwa vibaya. Picha isiyo na maelezo ya maneno itabaki bubu hata herufi zikikuzwa mara kumi. Fomu ambayo visanduku vyake havina majina haitajazwa na asiyeona, hata rangi zibadilishwe vipi. Wauzaji wa zana za namna hii wamesahau mpaka huu mara nyingi, wakaahidi kwamba mstari mmoja wa msimbo utaifanya tovuti yoyote itimize masharti yote. Mwaka 2025 Federal Trade Commission, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, iliitoza kampuni moja ya biashara hiyo dola milioni 1 kwa ahadi ambazo zana yake haikuweza kuzitimiza. Aliyeathirika zaidi na maneno hayo si mnunuzi wa zana. Ni yule aliyeikuta tovuti isiyofikika, akalalamika, akajibiwa kwamba zana imekwisha kuwekwa. Maelezo kwa mjenzi yaanze basi na mipaka, kabla ya kumweleza namna ya kuitia zana.

Mfasiri hupewa nini? Katika UI Options, kama katika programu nyingi, maneno ya paneli huwekwa katika faili za pembeni, mbali na msimbo, ili yafasiriwe kwa urahisi. Utaratibu huo ni mwema, lakini una madhara yake: mfasiri hupokea orodha ya maneno pweke, kila moja katika mstari wake, bila kujua liko juu ya kitufe, ndani ya kichwa cha habari, au katika sentensi atakayotamkiwa asiyeona. Mstari mmoja wa ufafanuzi kando ya kila neno ungemtosha. Katika Kiswahili upungufu huu huuma zaidi kuliko katika Kiingereza, kwa sababu ya ngeli. Neno la Kiingereza la kitu kilichowashwa halibadiliki. Mfasiri wetu lazima ajue kama ni imewashwa, kimewashwa, yamewashwa au umewashwa, na asipojua huandika “imewashwa” kote, akitumaini. Msomaji wa macho huisamehe. Msikilizaji, ambaye upatanisho ndio uzi wake wa kujua sentensi inazungumzia nini kati ya vitu vitatu alivyotajiwa sasa hivi, huupoteza uzi huo. Kitufe cha mwisho katika paneli kinadai uangalifu huo huo: “Rudisha” peke yake haisemi kinachorudishwa, wala kwamba kazi ya dakika kumi itafutika. “Rudisha ukurasa ulivyokuwa” ni maneno matatu, yanaingia katika kitufe hata yakikuzwa, na yanasikika kwa pumzi moja.